Faini ya shilingi elfu tatu: kisa cha mpishi wa Malindi na hukumu ya 2013

Alinijia mwezi wa Mei 2023. Kusi limeshaingia, hoteli nyingi za ufukweni zimefunga zikingoja msimu, na wapishi wa Malindi wako barazani wanahesabu siku. Yeye hakuwa na nia ya kuhesabu siku. Miaka tisa alikuwa amepika katika jikoni za Waitaliano, samaki na tambi na mikate yao anaijua kama anavyojua wali wa nazi, na wakala mmoja wa Mombasa alikuwa amempatia nafasi kwenye meli ya kitalii. Paspoti anayo. Vipimo vya afya amefaulu. Kilichobaki ni cheti cha polisi cha tabia njema, gudi kondakti kama wasemavyo vijana.

Alikuwa ameshalipa Ksh 1,050 kwenye eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, ameshachapa ile fomu ya alama za vidole, C24, na kuchukuliwa alama za vidole vyote kumi. Vidole vya mpishi vina makovu ya mafuta na visu, kwa hiyo karani alirudia dole gumba mara tatu kabla ya kuridhika. Majibu yakatoka. Akaketi kwenye benchi langu, akanipa simu.

"Shangazi, hebu nisomee hapa. Hiki ni kitu gani?"

Wenzake wote vyeti vyao vilisema hakuna rekodi. Chake kilikuwa na mstari wa ziada: kosa la kuzua fujo, jina la mahakama, mwaka 2013, faini. Nilimuuliza kama anaikumbuka kesi hiyo. Alifikiri kidogo, akacheka kama mtu aliyekumbushwa jambo la utotoni.

"Ile ya matanga? Lakini mbona nililipa, ikaisha?"

Neno hilo, "nililipa ikaisha", nimelisikia kwa watu wengi sana katika kazi hii ya usaidizi wa kisheria. Kwetu faini ni kama deni la dukani. Ukishalipa, jina lako linakatwa kwenye daftari. Mtu anatoka kortini na risiti mkononi akiamini ndiyo mwisho wake. Kumbe mahakama ilifanya mambo mawili siku ile: ilimtia hatiani, kisha ikampa adhabu. Adhabu ndiyo aliyoilipa. Hatia ilibaki, na nakala yake ikapelekwa Nairobi, Kiambu Road, kwenye makao makuu ya Idara ya Upelelezi wa Jinai, pamoja na alama zake za vidole. Kule haina tarehe ya kumalizika.

Zipo nchi ambako inayo. Uingereza wana sheria tangu 1974 ambayo huifanya hukumu ndogo ihesabiwe kuwa imepitwa na wakati, na kwa mtu mzima aliyetozwa faini muda huo sasa ni mwaka 1. Afrika Kusini mtu aliyehukumiwa kwa kosa dogo anaweza kuomba rekodi ifutwe baada ya miaka 10. Sisi Kenya hatuna sheria ya namna hiyo kwa watu wazima. Aliyetozwa faini akiwa na miaka ishirini na mbili atakutana na faini hiyo akiwa na hamsini, hata kama katikati hajawahi hata kuvuka barabara vibaya. Naona ni dhuluma, na ninaisema hivyo kila ninapopata nafasi, lakini dhuluma hiyo haikumsaidia kijana aliyekuwa mbele yangu. Yeye alitaka kujua la kufanya kabla ya wakala kumpa mtu mwingine nafasi yake.

Kabla ya kunijia alikuwa ameshapewa ushauri. Mtu fulani alimwambia kuna dalali anayeweza "kuitoa kwenye kompyuta" kwa elfu ishirini na tano. Nilimwomba asinijibu bali anisikilize tu. Hakuna dalali anayefuta rekodi. Anachofanya ni kukutengenezea karatasi inayofanana na cheti, na cheti cha siku hizi mwajiri anakihakiki kwa simu. Ukikamatwa nayo, lile kosa dogo la fujo linageuka kughushi hati rasmi, ambako Kanuni za Adhabu zinaruhusu kifungo cha hadi miaka 7. Alinyamaza. Baadaye alikiri kwamba alikuwa ameshaanza kuchangisha hizo pesa.

Nikamuuliza ilikuwaje.

Ilikuwa Ijumaa usiku, kwenye disko la matanga, kijiji kimoja nyuma ya Malindi. Wenyeji wanajua usiku wa namna hiyo ulivyo: spika zinalia hadi alfajiri, vijana wamejaa, wengine wamekunywa. Jirani yake alikuja kumdai pesa za baiskeli mbele ya watu, wakashikana. Wala hawakuumizana. Polisi walikuwa wanapita kutawanya disko, wakawabeba wale waliowakuta wameshikana. Yule jirani, kwa kuwa alikuwa wa kwanza kusema, akaandikwa mlalamishi. Huyu akaandikwa mshtakiwa. Akalala selo Ijumaa, Jumamosi, Jumapili.

Kisheria hapo hakuna kosa: Katiba inataka mtu afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya kazi inayofuata kama saa hizo zinaishia nje ya muda wa mahakama. Lakini siku hizo ndizo zilizomfanya akiri. Mle selo wazoefu walimwambia, na askari mmoja akamwambia vilevile kwa nia njema kabisa: "Wewe kubali tu, utapigwa faini uende nyumbani. Ukikataa utapelekwa rumande ukae huko mpaka kesi iishe." Alikuwa na kazi ya kuosha vyombo hotelini, ya mwezi wa kwanza. Akikosa Jumanne, kazi imekwenda. Akakubali.

Hapa ndipo kisa hiki kinaponiuma. Kosa aliloshtakiwa nalo ni la kifungu cha 95(1)(b) cha Kanuni za Adhabu, kuzua fujo kwa namna inayoweza kuvunja amani. Adhabu yake ya juu kabisa ni kifungo cha miezi 6. Na Katiba ya 2010, ibara ya 49(2), inasema waziwazi kwamba mtu hatawekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake au kifungo kisichozidi miezi 6. Kwa hiyo kile alichotishiwa nacho kilikuwa kimekatazwa na Katiba. Angesema "si kweli", alipaswa kwenda nyumbani Jumatatu ileile na kupewa tarehe ya kurudi. Na katika muda huo wazee wangekaa, kama kweli walivyokuja kukaa wiki mbili baadaye, deni la baiskeli likalipwa, wakapeana mikono. Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, kifungu cha 176, inamruhusu hakimu kuhimiza upatanisho katika makosa madogo ya watu binafsi. Kifungu cha 204 kinamruhusu mlalamishi kuondoa malalamiko yake kwa idhini ya mahakama, na mshtakiwa akaachiliwa bila doa. Milango yote hiyo ilikuwa wazi Jumatatu asubuhi. Ilifungwa na maneno mawili: ni kweli.

Sasa, miaka kumi baadaye, tunafungua upi?

Wa kwanza ambao kila mtu huufikiria ni kuandikia idara ya upelelezi kuomba wafute. Ibara ya 35(2) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa taarifa inayomhusu iliyo ya uongo au ya kupotosha. Ingekuwa alama za vidole zimechanganywa na za mtu mwingine, au kesi ilitupwa na rekodi ikasahau kusema hivyo, ibara hii ingetosha, na kazi yetu ingekuwa kupata nakala iliyothibitishwa na korti na kuipeleka. Lakini rekodi yake ilikuwa ya kweli. Alihukumiwa. Idara inaandika tu kilichotokea kortini, na ukitaka ibadilike, lazima kilichotokea kortini kibadilike kwanza.

Basi tukarudi kwenye faili. Kulipata faili la kesi ndogo ya miaka kumi iliyopita si jambo la kupuuza. Mafaili ya zamani ya korti za mahakimu huhamishiwa stoo, na sheria inaruhusu yaharibiwe muda wake ukifika. Bila nambari ya kesi karani wa masijala hana pa kuanzia, na kijana hakuwa nayo. Nikamuuliza kama alibakisha karatasi yoyote. Akasema hapana. Kisha, tayari amesimama aende zake, akasema labda mama.

Mama yake ana kasha la mbao, la harusi yake. Ndani yake, chini ya leso, pana mfuko wa plastiki wenye kadi za kliniki za watoto wake wote, vyeti vya shule, na risiti za kila kitu alichowahi kulipa. Risiti ya faini ilikuwemo, imekunjwa mara nne, wino umekuwa wa rangi ya chai, lakini ukiielekeza kwenye mwanga wa mlango nambari ya kesi inasomeka. Mama alinieleza bila kujivuna: "Mwanangu, karatasi yenye mhuri haitupwi." Siku kumi na nne baadaye tulikuwa na nakala ya kumbukumbu za kesi, imegongwa muhuri.

Kesi nzima haikujaza ukurasa. Mwandiko wa hakimu, kwa Kiingereza kama ilivyo desturi, umelala mbio mbio kama wa mtu mwenye mashtaka hamsini asubuhi hiyo. Shtaka limesomwa kwa Kiswahili. Mshtakiwa anajibu: ni kweli. Mwendesha mashtaka: ukweli wa kesi ni kama ulivyo kwenye hati ya mashtaka. Mahakama: ana hatia kwa kukiri mwenyewe. Hana rekodi ya awali. Kisha mshtakiwa anaulizwa ana lipi la kusema kabla ya adhabu, na hakimu, Mungu ambariki kwa uaminifu wake wa kuandika, ameandika alichosema: yeye ndiye alinishika shati kwanza, mimi nilimsukuma ili aniachie. Mstari unaofuata: faini Ksh 3,000, akishindwa kifungo cha mwezi 1.

Niliusoma mstari wa shati mara kadhaa. Kisha nikampigia wakili mmoja rafiki wa ofisi yetu, kwa sababu msaidizi wa kisheria ana mipaka yake na mimi siwezi kusimama mbele ya jaji.

Sababu ni hii. Namna ya kupokea kukiri kosa katika nchi hii iliwekwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, na hadi leo majaji wanaitaja. Shtaka na vipengele vyake vyote vielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Maneno yake yaandikwe, ikiwezekana kama alivyoyasema mwenyewe. Mwendesha mashtaka aeleze kilichotokea, na mshtakiwa apewe nafasi ya kukubali, kukataa au kuongeza. Akiongeza jambo ambalo likiwa kweli linatia shaka kama ana hatia, hakimu aandike kuwa amekana, na kesi isikilizwe. Mtu anayesema "alinishika kwanza, nikamsukuma aniachie" hajakiri kuzua fujo. Amejitetea. Na kuhusu kilichotokea usiku ule, hakuna aliyekisimulia mahakamani. "Kama ilivyo kwenye hati ya mashtaka" si masimulizi, kwa kuwa hati ya mashtaka inataja kosa bila kueleza tukio.

Ona kwamba lugha haikuwa tatizo. Wengi wakija kwangu hukimbilia hoja ya lugha, hasa wazee wetu wa Kigiriama ambao kweli waliwahi kusomewa mashtaka wasiyoyaelewa. Huyu Kiswahili chake ni safi kuliko changu. Tungeingiza hoja ya lugha tungeidhoofisha ile ya kweli.

Vizuizi vilikuwepo, na wakili alivitaja vyote katika ombi badala ya kungoja vitajwe na upande wa pili. Kifungu cha 348 cha ileile Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinasema aliyekiri kosa hana rufaa ila juu ya uhalali au ukubwa wa adhabu. Kifungu cha 349 kinatoa siku 14 tu za kukata rufaa, ingawa mahakama inaweza kuongeza muda kwa sababu nzuri. Ndiyo maana tulikwenda kwa njia ya marejeo, kifungu cha 362, kinachoipa Mahakama Kuu uwezo wa kuliitisha faili lolote la jinai la korti ya chini na kujiridhisha kama uamuzi ulikuwa sahihi na halali. Hata hapo pana mwiba: kifungu cha 364(5) kinamkataza aliyekuwa na nafasi ya kukata rufaa akaiacha asije kuomba marejeo. Wakili aliegemea ibara ya 165(6) na (7) ya Katiba, inayoipa Mahakama Kuu usimamizi wa korti za chini na uwezo wa kuitisha kumbukumbu zake ili haki itendeke. Jaji ana macho yake, alisema, na akishauona ukurasa ule hahitaji mtu wa kumwomba.

Tuliambatanisha vitu vinne: nakala ya kumbukumbu, risiti, kiapo cha kijana akieleza kwa nini alikaa kimya miaka kumi, na kiapo cha yule jirani. Hiki cha mwisho kilinigusa. Jirani alikuja mwenyewe kwa tuktuk, akasema mbele ya kamishna wa viapo kwamba walipatana zamani, na kwamba hakujua hadi wiki ile kuwa mwenzake bado anabeba jambo lao. Alirudia mara mbili: "Mimi niliamka asubuhi nikasahau, yeye wamemwandika."

Wakili wa serikali hakupinga. Jaji aliamua kwa kusoma karatasi tu, na uamuzi wake ulikuwa kurasa tatu. Kukiri hakukuwa kamili. Hatia ikafutwa na adhabu ikaondolewa. Hakuagiza kesi isikilizwe upya, kwa sababu adhabu ilishatumikiwa na miaka imepita. Mtu mwingine mbele ya jaji mwingine anaweza kupata jibu tofauti, hasa juu ya kile kifungu cha 364(5), na sitaki msomaji wa kisa hiki aende kortini akidhani njia imesafishwa. Sisi tulikuwa na ule mstari wa shati.

Nakala ya amri iliyothibitishwa ilipelekwa Kiambu Road ikiwa na barua ya wakili. Kijana akalipa tena Ksh 1,050, akachukuliwa tena alama za vidole. Cheti kipya kilitoka kikiwa safi. Tangu siku aliyokaa kwenye benchi langu ilikuwa imepita miezi minane, na nafasi ya meli ilikuwa imekwenda kwa mtu wa Kisumu miezi sita kabla. Wakala alimwambia ajaribu msimu ujao. Alijaribu, akapata. Alipofika kwenye fomu ya mwajiri, pale panapouliza kama umewahi kupatikana na hatia, alinipigia simu akitaka kusikia kwa sikio lake. Nikamwambia aandike hapana. Hatia iliyofutwa na Mahakama Kuu haipo tena, na akiandika hapana anaandika ukweli.

Sasa nina faili jingine mezani. Ni la mama mmoja muuza mnazi, aliyetozwa faini miaka iliyopita kwa kuuza bila leseni chini ya ile Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 ambayo watu waliiita sheria ya Mututho. Anataka kazi ya upishi shuleni, na shule inadai cheti. Nimesoma kumbukumbu zake mara tatu nikitafuta mstari wa shati. Haupo. Shtaka lilielezwa, ukweli ukasimuliwa hadi idadi ya lita, akaulizwa, akajibu kuwa yote ni kweli, na yalikuwa kweli. Hakimu alifanya kila kitu sawasawa.

Kwake yeye imebaki ibara ya 133 ya Katiba, ombi la msamaha wa Rais kupitia Kamati ya Ushauri wa Huruma. Ibara hiyo inataja msamaha kamili au wenye masharti, na haisemi kwamba mwombaji lazima awe gerezani, ingawa tunaowasikia wakisamehewa karibu wote ni wafungwa wa vifungo virefu. Nimemweleza hivyo bila kumpamba. Alikaa kimya, akaniuliza ombi hilo linahitaji karatasi gani. Jumatatu anakuja na barua ya chifu na ya mwenyekiti wa kikundi chao cha akina mama.